Uzoefu wangu na The Finkler Question: mtu anayetamani kuwa Myahudi

Kama unatafuta riwaya ya kukuvunja mbavu kila ukurasa, hii siyo. The Finkler Question ya Howard Jacobson ilitwaa Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 2010, na wengi walifurahi kwamba safari hii kitabu cha kuchekesha kimekumbukwa. Nilicheka kweli, tena kwa sauti, ndani ya mwendokasi uliojaa. Ila sehemu ya mwisho niliisoma nimekunja uso.

Ni habari za marafiki watatu wa London. Sam Finkler ni Myahudi, mwanafalsafa wa kwenye runinga anayeuza vitabu vya kuwafundisha watu maisha. Libor Sevcik ni Myahudi mzee mwenye asili ya Chekoslovakia, mwalimu wa zamani wa wenzake hao. Wote wawili wamefiwa na wake zao karibuni. Julian Treslove si Myahudi, hajaoa, na anawaonea wivu wenzake hata kwa huo ugane wao! Anatamani naye angekuwa na mke wa kumlilia. Aliwahi kufanya kazi BBC; sasa anakodishwa kwenye sherehe kwa kuwa sura yake inakaribia sura za watu maarufu wengi, bila kufanana sawasawa na hata mmoja.

Usiku mmoja, akitoka kula kwa Libor, anakabwa mbele ya duka la fidla. Kibaka mwenyewe ni mwanamke. Anamtamkia kitu ambacho Treslove hakisikii vizuri, lakini akikirudiarudia kichwani anaamini ameitwa Myahudi. Mwingine angekwenda polisi. Yeye anaanza kujiuliza kama kweli si Myahudi, anajifunza maneno ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, anamsoma Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa zama za kati, kuhusu tohara, na kimoyomoyo Wayahudi wote anawaita akina Finkler.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika. Treslove hana chuki, ana mapenzi, na mapenzi yake yalinitisha. Libor anamlilia Malkie, mkewe. Treslove anaona tu huzuni ya kale ya taifa zima, na anaitamani. Baadaye wanatokea watu wanaopaka nyama ya nguruwe kwenye vitasa vya jumba la makumbusho ya Wayahudi. Wao wanachukia, yeye anaabudu, na katikati yao Libor haonekani. (Nikawakumbuka Abayudaya wa kule Mbale, Uganda, walioingia dini ya Kiyahudi wakimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919. Wao walitahiriwa, wakashika Sabato, wakaendelea kulima. Treslove angewachosha.)

Finkler anakwenda upande wa pili. Anajiunga na kikundi cha Wayahudi wanaotangaza kuionea aibu Israeli, na mijadala yao ina harufu ya vita vya Gaza vya 2008 na 2009. Vikao vyao vinachekesha sana, lakini hapa ndipo ninapogombana na mwandishi. Karibu kila anayeikosoa Israeli humu amefanywa kichekesho, ukimtoa Finkler mwenyewe, na Mpalestina wa kujisemea simwoni. Ukitaka kunionyesha jinsi hasira ya kisiasa inavyogeuka kuwa chuki kwa Wayahudi wa London wasiohusika, jambo ambalo lipo na linatisha, nipe kwanza hasira yenye hoja. Sura za katikati zinarudia ubishi uleule mpaka nikaruka kurasa.

Kinachokiokoa ni ule ugane. Finkler na Libor wakikaa wawili wanataniana juu ya wake zao marehemu kama watani wa msibani, na kila utani unaacha kidonda wazi. Finkler alimtesa mkewe kwa michepuko. Libor alimpenda wake kupita kiasi. Huyu mzee ndiye bora kuliko wote, na sitasema yanayompata.

Kiingereza chake kina sentensi ndefu zenye kejeli, kwa hiyo asiyezoea atachoka. Historia kidogo itakusaidia pia: Uingereza iliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi zama za mtawala Oliver Cromwell, karne ya 17. Ukilijua hilo, hofu ya wahusika kwamba mambo yanaweza kujirudia haionekani kama deko.

Nyota nne kwangu. Shemeji niliyemwazima ametoa mbili. Anasema Treslove alihitaji kuoa tu.