Websaiti ya biashara Mwanza: ipi nyepesi kwa simu ya mteja wako

Malalamiko ninayoletewa siku hizi ni yale yale. Dada mmoja anauza nyavu na maboya Kirumba, mwingine ana lodge Nyegezi, wote wanasema websaiti kwa fundi inafunguka fasta ila mteja wa Ukerewe akibonyeza linki anaangalia kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa anarudi WhatsApp kuuliza bei. Fundi ukimuuliza anasema mtandao wenu mbovu. Siyo mtandao jamani, ni JavaScript, ile kodi inayoendesha menyu na vitufe vya websaiti.

Mambo ya muonekano na urahisi wa kutumia nayaruka, yameandikwa kila kona. Hili hamna anayewaambia: picha ya kilobaiti 300 na JavaScript ya kilobaiti 300 zinakula bando sawa, lakini picha ikishashuka simu inaionyesha imeisha, JavaScript inabidi simu iisome, iielewe, ndo iiendeshe, na hizi simu zetu za bei poa zenye prosesa dhaifu zinakwama hapo hapo, unagusa menyu wee haifunguki. Google wenyewe tangu Machi 2024 wamekiweka hiki kitu kwenye vipimo vyao vikuu vya websaiti, wanakiita INP, muda wa toka uguse mpaka skrini iitikie, na wanataka isizidi milisekunde 200.

Kuona mwenyewe ni rahisi: Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, ingia Network, weka Slow 4G, chuja JS peke yake, fungua ukurasa upya halafu soma jumla pale chini.

Namba moja kwangu ni WordPress, mfumo wa kutengenezea websaiti, yenye themu (muonekano uliotengenezwa tayari) ya GeneratePress, na sifichi kwamba naipenda. JavaScript yake ni kidogo sana, jQuery, ule mzigo wa ziada wa JavaScript, haihitaji, na bei za bidhaa unabadilisha mwenyewe ukiwa dukani. Tafuta hostingi (sehemu websaiti inapokaa) yenye seva ya LiteSpeed uweke na plagini ya LiteSpeed Cache, uliza kabla hujalipa maana kashe ya kurasa, yaani nakala zilizohifadhiwa tayari ili zifunguke haraka, inategemea hiyo seva. Ila ukiruhusu mtu akupandikizie Elementor, ile plagini ya kupangia kurasa, juu yake, slaida ya Bismarck Rock na kiboksi cha chati, uzuri wote umeisha.

Astro na Hugo, zana ambazo fundi anatengenezea kurasa kwa kodi, kwa spidi tupu zinaishinda hata WordPress, zinatoa HTML iliyokamilika, yaani ukurasa ulio tayari, na Astro haitumi JavaScript mpaka uiombe. Nimeziweka za pili kwa sababu mwenye duka hawezi kubadilisha bei bila kumpigia fundi.

Shopify ya tatu, kwa duka lenye bidhaa nyingi kweli. Shida ni zile app, kila moja inaleta skripti yake na nyingine ukizifuta zinaacha mabaki kwenye themu. Afu Shopify Payments Tanzania haipo, kwa hiyo unatumia njia nyingine ya malipo na wao wanakukata asilimia yao juu, mbali na dola za kila mwezi.

Wix wamejirekebisha sana kiukweli, lakini injini yao ya JavaScript inakuja na kila ukurasa, huna pa kuitoa, na siku ukitaka kuhama websaiti haibebeki. Blogger ni bure, kwa makala inatosha.

Kinachoniuma zaidi ni mafundi. Wanachukua themu nzito iliyojaa plagini, wanabadilisha logo, wanamuuzia mama wa watu kwa bei ya websaiti iliyotengenezwa toka mwanzo, halafu domeini ya .co.tz wanaandikisha kwa jina lao! Mwaka ukiisha akiomba pasiwedi anaambiwa lipa kwanza hela ya matengenezo, na matengenezo yenyewe hayaoni. Huu ni unyang'anyi na unafanyika hapa hapa mjini. Domeini iwe jina lako, pasiwedi ya hostingi ukae nayo wewe, na kabla hujamalizia hela mwambie aifungue kwenye simu yako kwa bando lako, siyo kwa wifi ya ofisini kwake, hiyo izime.