Uzoefu wangu na Syncthing: nyaraka za mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma

Mimi ni karani wa nyaraka kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Sisi wa Dar es Salaam tunapokea ankara, paking listi (orodha ya vilivyofungashwa) na hati ya shehena, ambayo kazini kila mtu anaiita BL. Wenzetu wako Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na wao ndio wanaolipokea lori mpakani. Karatasi zikichelewa au zikipishana, lori linalala, na dereva analala nalo.

Tulihama barua pepe kwa sababu ya ankara moja. Mteja alirekebisha uzito mara mbili, tukawa na faili tatu: "ankara mpya", "ankara mpya 2" na "ankara ya mwisho". Mwenzangu wa Tunduma akachapa ya pili. Jioni akanipigia: "Dada, uzito wa hapa na wa kwenye BL haulingani, wameikataa." Dereva alikaa pale siku mbili. Kosa nililiona ni langu, na bado naliona hivyo.

Kijana anayetushughulikia kompyuta ndiye aliyetuwekea Syncthing. Ni programu ya bure, ipo tangu 2013, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Haina seva kuu ya kukaa na faili zako. Folda ya kwenye kompyuta yangu inafanana na ya Tunduma, na mashine zinawasiliana zenyewe. Kila moja ina utambulisho mrefu, makundi 8 ya herufi na tarakimu, na pande zote mbili zisipokubaliana hakuna kinachopita. Njia ya moja kwa moja ikishindikana, data hupitia mashine ya kati ikiwa imefungwa kwa usimbaji, na mwenye mashine hiyo hawezi kuisoma. Nyaraka zetu zina bei za wateja, kwa hiyo hili lilinituliza sana.

Nilichokipenda zaidi ni inavyovumilia mtandao mbovu. Skani za mzigo mmoja kwetu zinafika MB 40. Zamani mtandao ukikatika kwenye MB 35 unaanza upya, na bando limeshakwenda. Syncthing inaikata faili vipande vipande, vilivyokwisha kufika vinabaki, na mtandao ukirudi inaendelea pale pale ilipoishia. Ukirekebisha faili, inatuma vipande vilivyobadilika tu. Hapo kwa Excel usitegemee makubwa: faili zake zimeshindiliwa kwa ndani, ukigusa seli moja karibu yote inageuka. Faida tuliyoiona sisi ni ya kutoanza upya.

Sasa niseme lililotuponza. Mwezi wa tatu mwenzangu wa Tunduma alikuwa anasafisha kompyuta iliyojaa. Akafuta folda ya mizigo iliyokwisha, akijua anafuta nakala yake tu. Mimi huku Dar nikaona majina ya faili yanapungua kwenye kioo, moja baada ya jingine. Nikachomoa waya wa mtandao, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Programu ilikuwa inafanya kazi yake, iliambiwa folda mbili zifanane. Tuliokolewa na yule kijana, ambaye alikuwa amewasha utunzaji wa matoleo ya zamani upande wangu. Faili zote tulizikuta kwenye folda iliyofichwa, .stversions, tukazirudisha. Chaguo hilo linawashwa folda kwa folda, kwenye kila kompyuta. Bila hilo, kinachofutwa upande mmoja kinapotea kote. Kwa hiyo tuna pia diski ya nje, tunainakilia kila Ijumaa na kuichomoa.

Baada ya hapo tukapanga upya. Kwenye folda ya ankara na BL, Dar inatuma tu na Tunduma inapokea tu. Skani zenye mihuri ya mpakani zina folda yake, inayokuja upande huu. Jedwali la malori peke yake ndilo tunaloandika wote. Tukiligusa kwa pamoja, inazaliwa faili ya pili yenye neno sync-conflict, tarehe na saa kwenye jina lake. Kazi ya mtu haipotei, ila lazima mmoja wetu akae azilinganishe kwa macho.

Kwa wateja haifai. Huwezi kumwambia mfanyabiashara aweke programu ndipo apate ankara yake, kwa hiyo wao bado tunawatumia barua pepe. Upande wa simu nako kuna ugumu: programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, nasi tukabaki na kompyuta tu.

Jambo jingine, lazima kompyuta zote mbili ziwe zinawaka kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika Tunduma, au mimi nikizima na kwenda nyumbani, karatasi zinabaki zilipo na lori linafika usiku. Tukachukua laptop ya zamani, kioo kimepasuka lakini betri bado nzima, tukaiongeza iwe ya tatu. Inakaa juu ya kabati, imebandikwa karatasi ya USIZIME, na usiku ndiyo inayopokea skani za mpakani. Nikifika asubuhi nikawasha mashine yangu, zinakuwa zimeshaingia kabla sijamaliza kufungua madirisha.