Maziwa ya Mtoto Aliyetimiza Mwaka: Yapi Ununue, Yapi Uyaache Dukani

Kabla hujatoa hela, angalia umri. Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita hana maziwa ya mnyama yanayomfaa kwenye mwongozo huu, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia. Chakula chake ni maziwa ya mama, na kama mama hanyonyeshi kwa sababu yoyote ile, kliniki itamwelekeza maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja kuna mvutano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unakubali maziwa ya mnyama kwa mtoto wa umri huo asiyenyonya, lakini madaktari wengi wa watoto bado husema subiri mwaka utimie. Mimi nipo upande wa kusubiri, kama kipato kinaruhusu.

Shida ni kwamba kila mnyama hutoa maziwa kwa kipimo cha mwanawe. Ndama huongeza uzito wake maradufu kabla ya miezi miwili kwisha. Mtoto wa binadamu huchukua kama miezi mitano. Ndiyo maana mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini ya gramu 3.3 hivi, wakati ya mama yana kama gramu 1. Chumvichumvi nazo ni nyingi, na figo changa ndizo zinazobeba mzigo. Bibi zetu walikuwa wakiyazimua kwa maji. Protini ilipungua kweli, lakini mafuta na nguvu navyo vilipungua, na mtoto akabaki na tumbo lililojaa maji.

Jambo zito kuliko protini ni madini ya chuma. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina takriban nusu miligramu, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Juu ya hapo, kalsiamu ya maziwa huzuia chuma cha chakula kingine kufyonzwa, na kwa watoto wa chini ya mwaka maziwa haya yanaweza kusababisha utumbo kuvuja damu kidogo kidogo bila wewe kuona chochote kwenye nepi. Mtoto mnene, mweupe viganjani, anayekunywa chupa baada ya chupa na kukataa ugali na dagaa, mara nyingi hana njaa ya maziwa bali ana upungufu wa damu. Kwa hiyo hata ukinunua yaliyo bora kabisa, nusu lita kwa siku inatosha. Nafasi iliyobaki tumboni ni ya maini, maharage, dagaa na mboga.

Sasa tuingie sokoni.

1. Ng'ombe, ya pakiti, yenye mafuta kamili

Hii ndiyo namba moja kwa nyumba nyingi za mjini, na sababu si ng'ombe mwenyewe. Ni kwamba yamesindikwa: kiwandani hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu vya brusela (homa ya kuambukizwa na mifugo) na kifua kikuu vikafa, yakapozwa. Chagua yenye mafuta kamili. Yaliyopunguzwa mafuta ni ya mtu mzima anayehesabu kiuno chake. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta hayo kwa ubongo na kwa nguvu.

Ya boksi yanayokaa miezi bila friji ni sawa tu kwa lishe. Kama umeme wa kwenu una tabia zake, nunua haya, tena kwa boksi dogo linaloisha siku hiyohiyo, maana likishafunguliwa ni maziwa kama mengine. Kwa yale ya friji, gusa pakiti kabla hujalipa. Ikiwa vuguvugu, au imefura kama mto, mrudishie mwenye duka, hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Kuna maduka yanayozima friji usiku kubana matumizi, na tarehe haijui hilo. Soma pia ujazo: nusu lita na mililita 450 hufanana sana zikiwa zimepangwa rafu moja.

Mtindi mtupu, usio na sukari wala rangi ya stroberi, nauweka hapahapa namba moja. Baadhi ya sukari ya maziwa imeshaliwa na bakteria, tumbo linaupokea vizuri, na mtoto anaula kwa kijiko badala ya kuunyonya kwenye chupa usiku kucha hadi meno yaoze.

2. Ng'ombe, mabichi, ya mfugaji unayemjua

Yanaweza kuwa matamu kuliko ya pakiti na yakawa bei nafuu. Ng'ombe wa kienyeji na Jersey hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko Friesian, kwa hiyo uzito unaouona kwenye kikombe si lazima uwe ujanja wa mtu. Ila hapa unanunua usafi wa mtu, basi mchunguze. Chombo chake ni kipi? Keni la aluminiamu lenye mdomo mpana mkono unaingia na kusugua. Dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta ya kupikia halisafishiki, hata likaoshwa kwa maji ya moto kutwa. Liinamie unuse, utajua. Maziwa yaliyochakachuliwa kwa maji yanagunduliwa kwa laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea. Maziwa mazima huonyesha uzani wa 1.028 hadi 1.032 hivi, na yaliyotiwa maji huteremka chini ya hapo. Muuzaji mwenye kituo halali huwa nacho, na akichukia kuombwa apime, umeshapata jibu.

Muulize pia ng'ombe anakula nini. Pumba na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, nayo hupita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Na kama ng'ombe yuko kwenye sindano za dawa, maziwa ya siku hizo si ya kuuzwa.

Ukifika nyumbani, chemsha yote kwa mara moja. Jaribu kwanza kijiko kimoja juu ya moto. Yakikatika vipande, yalianza kuchacha njiani. Yakishapanda, punguza moto, koroga, yaache yachemke kidogo zaidi, kisha poza haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Utando wa juu usiutupe. Ni mafuta uliyoyalipia: upondeponde urudi ndani, au utie kwenye uji wa mtoto.

3. Mbuzi

Hapa maneno ya mtaani ni mengi kuliko maziwa. Eti hayana mzio, eti ndiyo yanayokaribia ya mama. Protini yake ni kama gramu 3.5, sawa na ng'ombe, na inafanana nayo kiasi kwamba wengi wa watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi vilevile. Foleti yake, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, ni ndogo sana. Ujerumani, katika miaka ya 1920, madaktari walieleza upungufu wa damu wa watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi matupu. Kopo la maziwa ya watoto wachanga lililotengenezwa kwa maziwa ya mbuzi ni jambo jingine, kwa kuwa foleti imeongezwa kiwandani.

Kwa mtoto aliyepita mwaka, anayekula mchicha na maharage, maziwa ya mbuzi ni mazuri tu. Vijitone vya mafuta yake ni vidogo na watoto wengine huyapenda. Utayapata kirahisi karibu na wafugaji wa mbuzi wa maziwa, kama Mgeta huko Uluguru, au Meru na Nyeri upande wa Kenya. Mjini bei yake hupanda, na sioni cha kukufanya ulipe nyongeza hiyo kama mtoto hana shida na ng'ombe. Yakinuka beberu, dume alikuwa karibu wakati wa kukamua au chombo ni kichafu.

4. Ngamia

Kwa aliyeko Isiolo, Wajir, Garissa au Marsabit, kaskazini mwa Kenya, haya yapande hadi namba moja, kwani ndiyo yanayopatikana hata kiangazi ng'ombe wanapokauka. Yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na hayana ile protini ya beta-laktoglobulini inayowasumbua baadhi ya watoto wenye mzio, ingawa mtoto wa namna hiyo ajaribiwe mbele ya daktari, si jikoni kwako. Yanayofika Eastleigh, Nairobi, husafiri kwa basi saa nyingi, na yana ladha ya moshi kwa sababu vyombo hufukizwa. Watu wazima huyanywa mabichi. Ya mtoto yachemshwe. Brusela haichagui mnyama.

5. Ya unga

Yanafaa safarini na pale ambapo hakuna friji, kwa sharti la maji salama na vipimo vilivyoandikwa. Nyuma ya pakiti, kiambato cha kwanza kiwe maziwa yenye mafuta kamili. Ukisoma mafuta ya mboga na sharubati ya glukosi, hiyo ni krima ya chai. Unga wa kupimiwa kwenye vifuko sokoni usinunue, maana huna unachosoma.

Ya kuacha rafuni

Maziwa mazito matamu ya kikopo ni sukari. Makopo ya "mwaka 1 hadi 3" yana bei ya kutisha, na mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 hauyapendekezi kwa watoto wa miezi 12 hadi 23. Pesa ya kopo moja inaleta mayai, dagaa na maziwa ya kawaida kwa siku kadhaa. Vinywaji vya lozi na mchele vina protini kiduchu. Na chai ya maziwa, ambayo wengi wetu humpa mtoto asubuhi bila kufikiri, inazuia chuma mara mbili: majani upande mmoja, maziwa upande mwingine. Mpe maziwa yake meupe kwenye kikombe, saa moja au mbili mbali na chakula chenye maini au maharage.