Kituo kilichonisomea shafti iliyokatika

Mwaka mzima shafti za mashine zetu zilikuwa zinakatika. Karakana yangu ina mafundi sita, tunatengeneza mashine za kusaga plastiki chakavu: unatia chupa na madumu juu, chini vinatoka vipande vidogo tayari kuyeyushwa upya. Wateja wanne walirudisha mashine, na zote zimekatika mahali palepale, kwenye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga puli ya mkanda kwenye shafti. Nikamlaumu aliyetuuzia chuma. Nikahamia kwa muuzaji mwingine, nikanunua shafti nene zaidi. Nazo zikakatika.

Ndipo nikaenda kituo cha utafiti wa teknolojia cha kanda yetu, kilichowekwa kwa ajili ya kusaidia viwanda. Miaka yote nilikuwa napita getini nikijua ni mahali pa maprofesa. Nawaandikia wenye karakana ambao nao wanapita tu.

Mapokezi ni fomu nyingi, vumilia. Niende kwenye kilichonipeleka.

Mhandisi wa maabara ya metali, dada mmoja mpole, aliviangalia vipande vyetu vinne akauliza, "Mmevisafisha?" Vitatu nilikuwa nimevipiga brashi ya waya na msasa mpaka vikang'aa, niliona aibu kumpelekea mtu uchafu. Cha nne kilibaki na grisi na vumbi lake. Akakichukua hicho. "Kaka, hiki ndicho kitakachosema. Hivi vingine umevifuta maneno."

Alikiosha taratibu kwa dawa ya kuyeyusha mafuta, akakiweka chini ya taa iliyolala ubavuni, akaniita. Niliona mistari myembamba, imejipinda kama alama ambazo bahari inaacha mchangani maji yanapokupwa. Yote ilikuwa inatoka kwenye kona moja ya mfereji wa kii. Kila mstari, akanieleza, ni mahali ambapo ufa ulisimama kidogo kisha ukaendelea. Sehemu ya mwisho, ya kijivu na punjepunje, ndiyo iliyokatika kwa mpigo mmoja siku mteja aliyonipigia simu. Kumbe shafti ilikuwa inakatika kwa miezi, sisi hatuna habari.

Hesabu yake sijaisahau. Mkanda unaivuta shafti upande mmoja, kwa hiyo kila inapozunguka inapinda na kujinyoosha. Mizunguko 500 kwa dakika, saa nane kwa siku, ni mara 240,000 kila siku. Chuma kinachoka. Na kinaanza kuchoka pale nguvu zinapokusanyika, yaani kwenye kona kali, na sisi mfereji wetu tulikuwa tunauacha na kona kali kama ya sanduku.

La pili liliniuma zaidi. Ili kii isitoke, tulikuwa tunaigonga doti mbili za weldi. Niliwafundisha vijana mimi mwenyewe. Pale maabara walikata kipande pembeni ya doti, wakakipiga polishi mpaka kikawa kama kioo, wakapima ugumu kwa mashine ya Rockwell, ile inayokandamiza ncha ngumu kwenye chuma. Mwili wa shafti ulikuwa laini kiasi cha kupimwa kwa mizani B, ya vyuma laini. Kando ya weldi ilibidi mizani C, ya vyuma vigumu, nayo ikasoma 51. Chuma chetu kina kaboni ya kama asilimia 0.45, moto wa weldi unakipasha ghafla, halafu ubaridi wa shafti nzima unaunyonya moto ule haraka, ni sawa na kukitumbukiza kwenye maji. Panakuwa pagumu, na pepesi kupasuka. Unene wa shafti usingenisaidia kitu hapo.

Dawa ilikaa kwenye karatasi moja: kona za mfereji ziwe na mviringo, kii ikae kwa kubana, ishikwe na skrubu kwenye puli, weldi marufuku. Tumebadilisha kisu cha kukatia tu. Mashine kumi na moja zimetoka tangu wakati huo, miezi minane sasa, na hakuna shafti iliyorudi.

Sasa malalamiko, maana nakitakia kituo hiki mema. Waliahidi siku kumi, zikawa wiki tano, na wiki mbili kati ya hizo hakuna aliyepokea simu. Ripoti ina kurasa kumi na nne, na fundi wa kawaida ataelewa mbili. Mimi nilielewa kwa sababu yule dada alikuja karakana Jumamosi akachora kwa chaki sakafuni, vijana wamemzunguka. Alikuja kwa moyo wake. Hilo lilipaswa kuwa sehemu ya huduma, kwa kila mteja.

Mkataba usome. Rasimu ya kwanza ilisema michoro iliyoboreshwa ni mali yao. Nilikataa, wakarekebisha siku hiyohiyo. Na kama mnunuzi wako anadai cheti, uliza mapema ni vipimo gani vina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Hapa ni ugumu na nguvu ya chuma kinapovutwa. Uchambuzi wa kemikali bado. Kuna pia skana ya pande tatu imefunikwa turubai kwenye chumba cha vioo, haina wa kuiendesha. Inanisikitisha kila nikipita.

Kulipia sikuona vibaya. Hata Fraunhofer, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, iliyoanza 1949, sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwenye mikataba ya utafiti, ikiwemo ya viwanda. Anayelipwa na mwenye kiwanda analazimika kumsikiliza.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, andika saa ambazo mashine imefanya kazi na imekuwa ikilishwa nini, na kipande usikiguse kwa msasa. Wiki ijayo napeleka visu vitatu vinavyopoteza makali kabla ya muda wake. Nimevifunga kwenye karatasi yenye mafuta, na uchafu wake wote.