Kutoka 883 hadi 1200: Sportster yangu kwenye daino ya Denver

Nianze na namba, maana najua ndizo mnazozitafuta. Kabla sijaigusa, pikipiki yangu ya Harley-Davidson Iron 883 ilitoa nguvu farasi 44 kwenye gurudumu la nyuma. Baada ya silinda mpya, ekzosi mpya na kusetiwa upya kwa kompyuta ya injini, inatoa 64. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, imepanda kutoka Nm 64 hadi 94. Namba tamu, ila ni namba za pwani, na mimi naishi Denver.

Daino ni mashine inayopima nguvu ambayo gurudumu linaisukumia roli pale pale lilipo. Kisha kompyuta yake inazidisha jibu kwa kigezo cha marekebisho, ili pikipiki iliyopimwa mlimani iweze kulinganishwa na iliyopimwa karibu na bahari. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na siku yangu kigezo kilisoma 1.23. Gawanya mwenyewe: zile farasi 64 barabarani ni 52, na zile 44 za mwanzo zilikuwa 36. Ndugu zangu wa Nairobi msicheke, jiji lenu liko juu kuliko letu, karibu mita 1,795. Tena kuna viwango viwili vya marekebisho, SAE na STD, na STD huongeza kama asilimia 4 juu ya SAE bila fundi kugusa hata plagi moja. Ukitaka kulinganisha karatasi mbili, angalia kwanza herufi hizo pembeni ya grafu. Gereji niliyoenda walikuwa wamezoea kuchapa STD. Nilipoomba SAE walinipa bila ubishi.

Kwa wasioijua Sportster, familia ya pikipiki ambayo Iron 883 ni mmoja wao, 883 na 1200 (ujazo wa injini kwa cc) ni ndugu wa tumbo moja. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 96.8. Kilichotofautiana ni kipenyo cha silinda: 76.2 kwa 883, 88.9 kwa 1200. Ndiyo maana kazi hii haihitaji kupasua injini nzima. Unavua tangi, ekzosi na silindahedi, unatoa silinda ndogo, unavika kubwa zenye pistoni zake. Pistoni za seti ya vifaa niliyonunua zina kichwa kilichobonyea, kwa kuwa silindahedi za 883 zina chumba kidogo cha kuchomea. Ukiweka za kichwa bapa juu ya silindahedi zile zile, mgandamizo unapanda kupita kiasi na injini inaanza kugonga. Hapo Colorado, jimbo letu, ina mtego wake. Petroli ya kawaida kwenye vituo vya huku ni okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 85, chini ya 87 ya majimbo mengi ya Marekani. Tangu nibadilishe silinda sitii kitu chini ya 91, na bei yake unaisikia.

Fundi wa daino alikataa kuipokea pikipiki siku ilipotoka kufungwa. Akaniwekea ramani (majedwali ya petroli na cheche) ya kutumia kwa muda kwenye kompyuta ya injini, petroli ikiwa nyingi kidogo kwa usalama, akaniambia nirudi ringi za pistoni zikishakaa, baada ya kama kilomita 800, bila kuivuta kwa pupa na bila kukaa mwendo mmoja kwenye barabara kuu. Hilo lilinipa imani naye kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Sasa kuhusu daino yenyewe. Wengi wanadhani ni kufunga pikipiki kwa mikanda, kuvuta mafuta hadi mwisho mara tatu, kupewa karatasi. Ile ni kupima tu. Kuseti ni kazi nyingine, na inataka daino yenye breki ya sumaku inayoweza kuishika roli isikimbie. Fundi anaishika injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika huku mafuta yamefunguliwa kidogo tu, anasoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa sensa pana ya oksijeni, anarekebisha kisanduku kimoja kwenye jedwali, kisha anapanda hadi 2,250, na kadhalika, kisanduku kwa kisanduku. Harley ina jedwali la silinda ya mbele na lingine la nyuma, kwa hiyo kazi ni mara mbili. Na ile ya nyuma hukaa kwenye joto, haipati upepo kama mwenzake; kwangu ndiyo iliyokutwa na mchanganyiko mwepesi (petroli pungufu) kupita kiasi kwenye mwendo wa kawaida wa mjini. Hakuna sikio la fundi, hata awe mzee wa kabureta wa miaka arobaini, ambalo lingeniambia ni silinda ipi na kwenye mizunguko mingapi. Injini hii inapozwa na hewa tu, kwa hiyo kila baada ya muda walisimama, feni kubwa zikapuliza, tukangoja. Ilichukua karibu siku nzima, na sehemu ya kuvuta hadi mwisho ilikuwa dakika chache za mwisho.

Kilichonishangaza kilikuwa kwenye grafu. Katikati, kati ya mizunguko 2,500 na 3,500, mstari wa torki ulizama kama bonde. Mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa amefunga mabomba mawili manyoofu, yale yenye sauti ya kuamsha mtaa. Fundi akanionyesha: hapa nimeongeza mafuta, nimepunguza, nimesogeza muda wa cheche, bonde halitoki. Mawimbi ya gesi yanarudi nyuma kwenye bomba nyoofu na kuvuruga silinda wakati valvu ziko wazi, na kompyuta haiwezi kurekebisha umbo la bomba. Angeweza kunyamaza, akachukua pesa na kunipa karatasi yenye kilele kizuri, nami nisingejua. Badala yake alinishauri niweke ekzosi ya mbili-ndani-ya-moja, ambapo mabomba mawili huungana kuwa moja. Niliweka, nikarudi, nikalipa kipindi cha pili kwa bei pungufu, na bonde likajaa. Farasi za kileleni ziliongezeka mbili tu. Lakini mizunguko 3,000 ndipo mtu anapoishi akiwa barabarani. Kileleni unafika ukimpita mtu.

Barabarani basi. Kipimo changu ni barabara ya I-70 kuelekea magharibi, ile inayopita Floyd Hill na kupanda hadi handaki la Eisenhower, mita 3,401. Zamani, na pikipiki ya kilo 256 chini yangu, nilikuwa nikishuka gia ya nne halafu ya tatu huku malori yakinisogelea kwenye kioo. Siku hizi mahali pengi napanda kwa gia ya tano na bado kuna akiba ya kupita gari. Hata hivyo usidanganyike: huko juu kwenye handaki injini inapoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu zake. Nikipiga hesabu, 1200 yangu pale inabaki na farasi 41 hivi, yaani pungufu kidogo ya 883 ambayo haijaguswa ikiwa Mombasa, Kizingo. Sindano ya mafuta inasoma shinikizo la hewa na kupunguza petroli ipasavyo, kwa hiyo haitoi moshi wala haikohoi, tofauti na kabureta. Ila hewa isiyokuwepo haiwezi kuibuni.

Kasoro ninazo. Gia za 883 ni fupi kuliko za 1200, na kwenye barabara kuu injini inazunguka kuliko inavyohitaji sasa. Nitabadilisha puli ya mbele. Tangi ni la lita 12.5 tu, na kwa kuwa mkono wangu umekuwa mwepesi kuvuta mafuta, vituo vimekaribiana. Joto kwenye paja la kulia wakati wa foleni ya Julai halijapungua. Na pesa: seti ya vifaa, gasketi, kazi, ekzosi, kifaa cha kuandikia kompyuta na vipindi viwili vya daino vimefika mahali ambapo ningeuza 883 nikaongeza kidogo na kupata 1200 iliyotumika. Kwa mtu anayetaka farasi kwa bei nafuu, afanye hivyo. Mimi nilikuwa na injini ninayoijua historia yake, na hiyo nayo ina thamani.

Jambo la sheria msilipuuze mkiwa huku. Kuchezea mfumo wa moshi ni kosa chini ya sheria ya hewa safi ya Marekani, na mwaka 2016 Harley-Davidson wenyewe walikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa kuuza vifaa vya kuseti vilivyoruhusu pikipiki kutoa moshi zaidi ya kibali. Gereji ya maana itakuuliza vifaa vyako vina kibali cha moshi cha jimbo la California au la. Yangu iliuliza kabla haijachukua oda.

Mwisho, kabla hujalipa, uliza ramani itakayotengenezwa ni ya nani. Yangu nilipewa kwenye kifaa changu cha kusetia pamoja na nakala ya faili, lakini nimewahi kusikia watu waliokabidhiwa kompyuta iliyofungwa kwa nywila, wakibadilisha eakilina (kichujio cha hewa) inabidi warudi kwa fundi yule yule. Na ukinunua kifaa cha mkononi cha kusetia kilichotumika, hakikisha kimeachanishwa na pikipiki ya kwanza, kwani vingi hufungwa na namba ya fremu moja na havikubali ya pili hadi ulipie leseni mpya.