Pumzi ya Safar na mikono ya Kouwenhoven

Njia mbili za kumwokoa mtu aliyeacha kupumua au ambaye moyo wake umesimama, yaani kumpulizia pumzi mdomoni na kukandamiza kifua chake, zilipata umbo lake la kisasa Baltimore, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Daktari Peter Safar aliwalaza watu waliojitolea, akawalegeza misuli kwa dawa hadi wasiweze kupumua wenyewe. Ujasiri wa ajabu ule! Akaonyesha kwamba kuinamisha kichwa nyuma na kupuliza mdomo kwa mdomo kunashinda mtindo wa zamani wa kukandamiza mgongo na kuinua mikono.

Mwaka 1960, watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaeleza kukandamiza kifua ili kuzungusha damu. Pumzi peke yake haizungushi damu, ndiyo maana Safar aliunganisha njia hizo mbili.

Mtu mzima akianguka ghafla, naanza na kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyezama majini anahitaji pumzi mapema.