Species+: ipitie kabla ya kufunga mzigo wa vinyago

Anayesafirisha vinyago vya mpingo nje ya nchi, na ofisa wa forodha anayeukagua mzigo huo, wote wanaihitaji Species+. Ni tovuti ya bure ya UNEP-WCMC, kituo cha ufuatiliaji wa uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na Sekretarieti ya CITES, ule mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa kazi hiyo hatujaona chombo bora zaidi, ila inataka msomaji mvumilivu.

Tafuta kwa jina la kisayansi. Tovuti ni ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo majina yetu usiyategemee. Andika Dalbergia melanoxylon, fungua sehemu ya sheria: mpingo uko Kiambatisho II, orodha ya CITES ya spishi zinazouzwa nje kwa kibali, tangu 2 Januari 2017. Wengi huishia hapo, wakaacha alama ya #15 iliyo pembeni, yaani maelezo ya bidhaa zipi zinabanwa na zipi zimesamehewa. Ibonyeze, maana humo ndimo mna jibu. Tangu 26 Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika hazihitaji kibali cha CITES iwapo mbao ya mpingo haizidi kilo 10 kwa shehena moja. Inayopimwa ni mbao yenyewe, si sanduku wala makaratasi. Zumari na ala nyingine zilizokamilika zimeachwa huru pia. Gogo na mbao zilizopasuliwa hazimo katika msamaha huo.

Kwa tembo wa Afrika utakuta "I/II", na hapo watu huteleza. Hiyo II ni ya Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe tu. Tembo wa Tanzania na Kenya wako Kiambatisho I, ambako biashara imefungwa.

Kasoro yake kubwa ni kwamba sheria za nchi hazimo. Vinyonga wengi wa Tanzania wako Kiambatisho II, yaani wanauzika kwa kibali, ilhali mwaka 2016 Tanzania ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai. Anayeisoma Species+ peke yake atamkamata kinyonga akidhani anaruhusiwa kumsafirisha. Uliza kwanza mamlaka ya CITES ya nchi yako.

Wanaouza Ulaya watafaidika zaidi, kwani ngazi za ulinzi wa spishi za Umoja wa Ulaya, A hadi D, zimewekwa ukurasa huohuo, na mara nyingine zinabana kuliko CITES.

Pakua orodha upya kila unapoomba kibali. Viambatisho hubadilishwa kwenye mikutano ya nchi wanachama, na kwa kawaida mabadiliko huanza kutumika siku 90 baadaye.